Mjadala: Je, nafuu ya kikomo cha mishahara impate pia mchezaji wa raga aliyehamahama?

Ndugu mchangiaji aliyetangulia ameeleza kwamba ligi ya raga ya wachezaji 13 ya Australia, NRL, inatenda haki inapompa nafuu mchezaji aliyedumu katika klabu moja, na kwamba anayehama kila baada ya misimu miwili amejitakia mwenyewe. Kwa heshima zote, nusu ya pili ya hoja hiyo siikubali.

Kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa jumla, kimekuwapo katika ligi kuu ya huko tangu 1990, nacho si pambo: Melbourne Storm walipobainika kukikiuka, walinyang'anywa mwaka 2010 ubingwa wa 2007 na wa 2009. Ndani yake kuna nafuu kwa mkongwe wa klabu moja, ambaye sehemu ya malipo yake haihesabiwi. Super League ya Uingereza nayo huruhusu sehemu ya mshahara wa nyota wachache iachwe nje ya hesabu. Kwa hiyo fedha zinapobana, klabu humlinda nyota, humlinda mwana wa nyumbani, huwajaza vijana wa mshahara mdogo, na anayebaki kukatwa ni yule wa kati, ambaye hakuna kanuni inayomtaja.

Mtazameni Blake Green. Alianzia Parramatta mwaka 2007, akapita Cronulla na Canterbury, akavuka bahari hadi Hull Kingston Rovers ya Uingereza, kisha Wigan ya huko huko, akarudi Australia kuchezea Melbourne, Manly, Warriors wa New Zealand na hatimaye Newcastle: klabu tisa. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu alikabidhiwa siku ya kwanza, kwa kuwa alicheza namba 6, ambaye ndiye anayesaidiana na namba 7 kuamua mpira upelekwe wapi kabla timu haijakabwa mara ya sita na kuupoteza. Mwaka 2013 Wigan walitwaa Kombe la Challenge na ubingwa wa ligi, na Green akapewa Tuzo ya Harry Sunderland kama mchezaji bora wa fainali ya ligi hiyo. Mwaka 2016 alikuwa katika kikosi cha Melbourne kilichofungwa na Cronulla 14 kwa 12 kwenye fainali ya NRL. Alipofika Warriors mwaka 2018, klabu hiyo iliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2011. Katikati ya msimu wa 2020 akahamia Newcastle, akacheza mechi chache tu, kano ya goti ikakatika, na mwaka 2021 akastaafu.

Mtu wa namna hii hajakosa uaminifu. (Uaminifu, kwa kweli, huombwa zaidi kwa mchezaji kuliko kwa mwajiri wake.)

Ninakiri kwamba nafuu ikitolewa kiholela, klabu tajiri zitakusanya wakongwe wa wenzao. Ndiyo maana napendekeza ihesabiwe kwa miaka ya kucheza katika ligi yenyewe, mchezaji awe amevaa jezi moja au saba, na kiasi chake kiwe kidogo. Wanaotetea utaratibu wa sasa wanijibu jambo moja: misimu miwili na nusu ambayo Green aliwaongoza vijana wa Warriors inapungukiwa na nini, hata isistahili kuhesabiwa kuwa utumishi?