Acheni kuwauzia wageni wa soko hisa za mafuta kwa asilimia ya bei mliyonunulia miaka hiyo!

Wakuu, hili limenichosha na leo nalisema lote. Kila wiki mtu anabandika jedwali lake hapa: kampuni ya mafuta, safu ya mwisho imepakwa kijani, "gawio 14%", yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Ukimuuliza ni 14% ya nini, anasema ya bei aliyonunulia mwaka 2016. Hapohapo wageni wanaanza kuulizia dalali wa kufungulia akaunti. Wananunua kwa bei ya leo, wanapata 4%, na hakuna aliyewaambia kwamba ile 14% hawataiona kamwe.

Hesabu yenyewe ni rahisi: gawio la mwaka gawanya kwa bei uliyonunulia. Umenunua kwa dola 20, hisa sasa ni dola 80, inalipa 3.20 kwa mwaka. Kwako ni 16%. Kwa anayenunua leo ni 4%. Kampuni ni ileile, visima ni vilevile, madeni ni yaleyale. Kilichotofautiana ni risiti zenu tu. Halafu mtu anasema "siuzi, napata 16%". Ndugu, ukiwa na hisa 100 unazo dola 8,000 mkononi, si 2,000. Kama kuna kampuni yenye afya ileile inayolipa 6%, dola 8,000 zingekupa 480 kwa mwaka badala ya 320. Toa kodi na ada ya dalali kabla ya kuhama, sawa, lakini ulinganisho uanzie kwenye 8,000. Zile 2,000 zilishakwenda.

Kwenye kampuni ya sabuni au bia kosa hili linaweza kupita bila kuumiza sana. Kwenye mafuta linaumiza, kwa sababu kampuni haipangi bei ya bidhaa yake. Brent, bei rejea ya mafuta ghafi duniani, ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, Januari 2016 ikawa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa kupokea mafuta ya WTI (bei rejea ya Marekani) mwezi Mei ulifunga kwa hasi dola 37.63, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Gawio linalokaa juu ya bei kama hiyo haliwezi kupimwa kwa risiti ya zamani.

Mifano ipo wazi, na wanaobandika majedwali wanaijua. Shell ilikuwa ikilipa senti 47 za dola kwa hisa kila robo mwaka. Aprili 2020 ikashusha hadi senti 16, mara ya kwanza kupunguza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Tuseme ulikuwa na cheti cha hisa za Shell kinachouzwa soko la New York, ambacho kimoja ni hisa 2, ulichonunua kwa dola 40: ulikuwa unajisifia 9.4%, asubuhi moja ikawa 3.2%. BP ikafuata Agosti mwaka huohuo, kutoka senti 10.5 hadi 5.25. Kinder Morgan ni kampuni ya mabomba ya gesi, watu wakasema mabomba hayaguswi na bei. Desemba 2015 ilikata kutoka senti 51 hadi 12.5 kwa robo. Occidental ndiyo mbaya zaidi: senti 79, kisha 11, kisha senti 1, yote ndani ya 2020. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeinunua Anadarko, kampuni nyingine ya mafuta, na kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway iliweka dola bilioni 10 kwa hisa za upendeleo zenye 8%, ambazo hulipwa kabla ya hisa za kawaida. Yaani milioni 800 kwa mwaka zilikuwa mbele yako kwenye foleni. Safu ya kijani ya nani iliyoonyesha hilo?

Sasa nieleze kinachonikera zaidi. Asilimia hii hunyamaza wakati hatari iko juu kabisa. Chukua ExxonMobil. Mwaka 2020 ililipa dola 0.87 kila robo, jumla 3.48. Aliyenunua kwa dola 80 aliona 4.35%, akalala usingizi. Lakini Oktoba mwaka huo hisa ilikuwa chini ya dola 35, yaani soko lilikuwa linadai karibu 10%, na soko likidai 10% linakuambia halina imani kwamba gawio litadumu. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha ya mwaka ule: fedha kutoka shughuli za kampuni zilikuwa takriban dola bilioni 14.7, matumizi ya mitambo na visima takriban 17.3, gawio takriban 14.9. Pengo linazidi bilioni 17. Deni likapanda kutoka karibu bilioni 47 hadi karibu 68. Gawio liliokolewa kwa kukopa, na bei ya mafuta ilipopanda 2021 wakapumua. Bei ingechelewa miaka miwili zaidi, leo tungekuwa tunaitaja pamoja na Shell.

Kwa hiyo kabla ya kusifia gawio lolote la mafuta, fanya hivi. Chukua taarifa ya mwaka, ukurasa wa mtiririko wa fedha. Fedha za shughuli, toa matumizi ya mtaji, toa malipo ya ukodishaji wa meli na mitambo kama yameandikwa chini kwenye sehemu ya ufadhili (wengi huyasahau, na baadhi ya kampuni yanakula mabilioni). Kinachobaki kigawanye kwa gawio lote lililolipwa. Kikiwa chini ya 1, gawio linatoka kwenye deni, kwenye mauzo ya mali au kwenye akiba. Rudia kwa 2015, 2016 na 2020, maana mwaka wa bei nzuri kila kampuni inapendeza. Kisha angalia deni halisi (madeni toa fedha taslimu) likoje ukilinganisha na mtaji, na tafuta kampuni yenyewe inasema inahitaji Brent ya dola ngapi ili kulipia uchimbaji na gawio kwa pamoja. Kampuni inayohitaji 40 na inayohitaji 65 ni wanyama wawili tofauti hata kama kwako zote zinasomeka 12%.

Halafu kuna mafuta yaliyobaki ardhini. Kisima cha mafuta ya miamba (yaliyobanwa ndani ya mwamba) kule Texas hupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji wake ndani ya mwaka wa kwanza. Kampuni ikitaka kuonekana karimu inapunguza kuchimba, fedha zinabaki nyingi, gawio linapanda, na asilimia yako inapanda nalo. Wakati huohuo inakula mbegu. Gawanya akiba ya mafuta iliyothibitishwa ardhini kwa uzalishaji wa mwaka upate miaka iliyobaki, kisha angalia kama mapipa yaliyoongezwa yanafidia yaliyotolewa. Miaka ikishuka 12, 10, 8 huku gawio likipanda, unarudishiwa mtaji wako kidogokidogo.

Na hata hiyo asilimia yenyewe wengi mnaikosea! Aliyeweka dola 3,000 kwa hisa 100, kisha magawio yakamnunulia hisa 40 zaidi za dola 1,400, anachukua gawio la hisa 140 na kuligawanya kwa 3,000. Kwa dola 1.50 kwa hisa anapata 7%. Gharama yake ni 4,400, kwa hiyo ni 4.8%. Wenye ConocoPhillips ya zamani walipokea hisa 1 ya Phillips 66, kampuni iliyotengwa kutoka kwake, kwa kila 2 mwaka 2012, na bei ya kununulia ilipaswa kugawanywa kati ya kampuni mbili. Wapo wanaoiacha yote upande mmoja na upande wa pili wanaandika sifuri.

Wengine wanapiga hesabu kwa shilingi. Dola ilikuwa takriban shilingi za Tanzania 1,650 mwaka 2014, ikapita 2,600 mwaka 2024. Gawio la shilingi za 2024 kwa bei ya shilingi za 2014 linakuza asilimia kwa zaidi ya nusu bila kampuni kuongeza senti. Huko ni kushuka kwa shilingi, msituandikie kama sifa ya menejimenti.

Devon Energy nayo inatumika sana kuvutia watu. Ilikuwa ikilipa gawio la kudumu na juu yake la kubadilika kufuata bei ya mafuta. Septemba 2022 ililipa dola 1.55 kwa robo, Septemba 2023 ikalipa 0.49. Mtu aliyenunua kwa dola 10 mwaka 2020 alibandika zaidi ya 50%. Kwa kampuni za aina hii hesabu sehemu ya kudumu peke yake, iliyobaki ichukulie kama bahati ya bei.

Kodi pia mnaificha. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la kampuni ya Marekani linakatwa 30% kabla halijakufikia. 5% inakuwa 3.5%. Uingereza haikati gawio la kampuni za kawaida, na Shell ilihamishia makazi yake ya kodi huko. Zile kampuni za mabomba za Marekani zilizoundwa kama ubia, mfano Energy Transfer, mwekezaji asiye Mmarekani anakatwa 37% kwenye mgao, na tangu Januari 2023 anakatwa 10% ya mapato yote ya mauzo, hata akiuza kwa hasara. Tena mgao wao mara nyingi hupunguza gharama yako vitabuni, ndiyo maana asilimia inazidi kupaa kila mwaka.

Na tafadhali, TotalEnergies Marketing Kenya iliyoko soko la Nairobi msiichanganye humu. Ile inauza mafuta vituoni kwa bei ya kikomo inayopangwa kila mwezi na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Haina kisima. Kwake angalia faida kwa lita, mzunguko wa fedha na madeni ya serikali, siyo Brent.

Atakayebandika jedwali tena aweke tarehe ya kununua, bei ya leo, asilimia kwa bei ya leo baada ya kodi, na mara ngapi fedha huru (kile kinachobaki baada ya kutoa matumizi ya mtaji na ukodishaji) zinalifunika gawio. Modereta, jedwali lisilo na safu hizo nne naomba liondolewe.