Blowa ya kinu cha unga inachemka na kuvuja oili: kosa ni la oili au la kitu kingine?

KinuKizota aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia matengenezo katika kinu cha unga kilichopo Kizota, hapa Dodoma, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu na blowa zenye rota mbili za mapande matatu. Blowa yetu, yaani mashine ya kupuliza hewa, inasukuma unga kwenye bomba kutoka mashine za kusagia hadi kwenye silo, inaendeshwa na mota kwa mikanda, na ina vyumba viwili vya oili: kimoja upande wa gia na kingine upande wa puli.

Tangu kiangazi kianze, bomba la kutolea hewa limekuwa la moto kuliko kawaida, oili ya upande wa gia inageuka nyeusi mapema, na sasa kuna oili inayochirizika kwenye shafti upande wa puli. Mafundi wa zamu wamekuwa wakitazama kioo cha oili wakati mashine inazunguka, na kila wakiona kiwango kimeshuka wanaongeza, hadi sasa kioo chote kimejaa. Muuzaji wetu wa oili anashauri tuhame kutoka oili ya ISO VG 220 (namba inayoonyesha uzito wa oili inapotiririka) kwenda 320, akisema joto la Dodoma ndilo linaloyeyusha oili. Baadhi ya wenzangu kiwandani wanaona oili ya gia ya magari, ile namba 90, inatosha kwa kuwa inapatikana kila duka la vipuri. Kabla sijaidhinisha ununuzi, ningependa kufahamu ni kitu gani hasa kinachopasha moto blowa hii, na kama kubadilisha oili kutasaidia chochote.

MzeeWaGrisi alijibu:

Salaam, ndugu KinuKizota. Usinunue kitu bado. Zima mashine, iache itulie hadi oili yote irudi chini, kisha toa iliyozidi mpaka usawa uwe katikati ya kioo. Kiwango hupimwa mashine ikiwa imesimama, kwa sababu inapozunguka sehemu ya oili huwa imerushwa juu kwenye gia na beringi, na lazima kioo kionyeshe pungufu. Mafundi wako waliona kitu cha kweli wakakitafsiri vibaya, jambo linalotokea katika viwanda vingi kwa kuwa hakuna aliyebandika maelekezo karibu na kioo.

Oili ikizidi, gia huikoroga badala ya kuirusha. Kukoroga huko huzalisha joto na povu, na povu halilainishi meno ya gia kama inavyopaswa. Joto nalo huchosha oili: kanuni inayotumiwa na watu wa vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya joto la kawaida la kazi hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu. Ndiyo maana inageuka nyeusi kabla ya wakati wake. Vilevile oili iliyojaa hadi juu hulemea sili za shafti, yaani mipira inayozuia oili isitoke, nazo huanza kuruhusu matone kupita.

Kuhusu kuhamia 320, mimi sikubaliani na muuzaji. Oili nzito zaidi inayokorogwa ndani ya chumba kilichojaa itaongeza joto. Mtengenezaji huandika daraja la oili kwa kuzingatia joto la mahali mashine ilipo, na kwa blowa nyingi za aina hii 220 ndiyo ya kawaida. Dodoma si jehanamu. Hata Oktoba na Novemba, nje mchana huwa nyuzi 30 au zaidi kidogo. Kama chumba chenu cha blowa kimefungwa pande zote, humo ndani inaweza kuwa zaidi ya 40, lakini dawa ya hilo ni kufungua matundu ya hewa ukutani.

DerevaMstaafu alijibu:

Mimi nimeona mashine za kukoboa zikitumia namba 90 kwa miaka na hazijafa. Tusifanye mambo kuwa magumu bila sababu.

MekanikaWaSingida alijibu:

Kwa heshima, mzee wangu, namba 90 na namba 220 zinatoka katika vipimo viwili tofauti, na kwa uzito oili hizo hukaribiana sana: namba 90 ya magari huangukia kati ya ISO VG 150 na 220. Kwa hiyo si ajabu kwamba mashine hizo zilidumu. Tatizo lipo katika viungo vilivyochanganywa ndani yake. Oili nyingi za gia za magari huwekewa viungo vya salfa na fosforasi kwa ajili ya gia za ekseli zinazobanana kwa nguvu kubwa, na viungo hivyo vikikaa kwenye joto vinaweza kushambulia sehemu za shaba nyeusi, ambazo hupatikana katika baadhi ya beringi. Oili ya injini nayo ina sabuni za kushikilia uchafu na maji yasitulie chini, wakati katika chumba cha gia tunataka uchafu utulie ili utoke tunapomwaga. Zaidi ya hayo, hapa panasafirishwa unga wa kula, na panahitajika oili inayoruhusiwa kwenye mitambo ya chakula, ile iliyosajiliwa katika kundi la H1.

Baada ya hayo, niseme kuhusu moto wa bomba la kutolea, kwa sababu naona oili inabebeshwa lawama isiyo yake. Rota za blowa hii hazigusani wala hazigusi kasha. Gia za nyuma ndizo zinazozipanga zipishane kwa mwanya mdogo sana, na ndani ya chumba cha hewa hakuna oili hata tone. Tena blowa haikandamizi hewa ndani yake. Inaihamisha tu, na presha hutokea pale hewa inapokutana na ukinzani wa bomba na unga uliomo. Maana yake ni kwamba joto la kutokea linaamuliwa na uwiano wa presha ya kutokea kwa presha ya kuingilia.

Hapo ndipo mahali mlipo panapoleta tofauti. Dodoma ipo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na hewa yake ina presha ya karibu kilopaskali 89, wakati Dar es Salaam ni 101. Tuchukue kwamba bomba lenu linahitaji kilopaskali 50 juu ya hewa ya nje. Pwani uwiano ungekuwa 1.5, kwenu ni 1.56. Sasa filta ya kuingilia ikiziba kwa vumbi la kiangazi hadi kula kilopaskali 6, uwiano unapanda hadi 1.67. Kwa hesabu ya haraka, hewa iliyoingia na nyuzi 30 itapata ongezeko la nyuzi 54 hivi pwani, 61 kwenu filta ikiwa safi, na zaidi ya 70 filta ikiwa imeziba. Joto hilo hupita kwenye shafti na kasha hadi kwenye beringi, sili na oili. Kiangazi cha Dodoma hakiwaumizi kwa jua, kinawaumiza kwa vumbi.

Kama hamna geji kwenye filta, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mjaze maji hadi nusu, uukunje kama herufi U, kisha ncha moja iingizwe kwenye tundu lililopo kati ya filta na blowa. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni sawa na kilopaskali 1 hivi. Filta ya karatasi msiipulize kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, maana mtaishindilia vumbi. Ni heri kuibadilisha.

Tazameni pia kipumulio cha kila chumba cha oili, ile kofia ndogo yenye tundu iliyo juu. Kikiziba, hewa iliyopata moto hukosa pa kutokea na husukuma oili nje kupitia sili.

KinuKizota alijibu:

Nawashukuru sana. Tumepima kwa mpira wa maji kama alivyoelekeza MekanikaWaSingida, tofauti ikawa sentimita 48. Baada ya kuweka filta mpya imeshuka hadi sentimita 6, na bomba la kutolea limepoa kwa kiasi kinachoonekana kwenye kipimajoto. Kipumulio cha upande wa puli tulikuta kimepakwa rangi pamoja na blowa nzima wakati wa ukarabati wa jengo, tundu lote limefunikwa na rangi ya buluu. Tumekizibua, tumemwaga oili iliyozidi na kuweka mpya ya 220 ya kundi la H1. Hata hivyo, bado shafti ya upande wa puli inatoa matone machache kila zamu. Je, hilo litaisha lenyewe?

MzeeWaGrisi alijibu:

Halitaisha, ndugu yangu. Mdomo wa sili ya mpira uliopikwa kwa miezi hukakamaa na haurudi kuwa laini. Badilisheni sili, na mkiwa mmeitoa, pitisheni ukucha juu ya shafti pale mdomo ulipokuwa ukikaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, na itabidi bushi ile inayozunguka na shafti ibadilishwe pia. Chunguzeni vilevile matundu madogo yaliyo chini ya kasha kati ya chumba cha oili na chumba cha rota. Yamewekwa makusudi ili oili inayoponyoka sili ya ndani idondoke nje kabla haijafika kwenye unga. Mkiona unyevu wa oili hapo, msisubiri.

Kwa kuwa puli itatolewa, ikaguliwe mikanda. Mikanda iliyokazwa kupita kiasi huvuta shafti upande mmoja, na beringi ya upande wa puli ndiyo inayolipa. Pangeni puli mbili kwa uzi ulionyooshwa kwenye nyuso zake, uguse pote pasipo mwanga kupita.

MekanikaWaSingida alijibu:

Nyongeza moja kuhusu umeme. Ukikatika bomba likiwa limejaa unga, presha iliyobaki inaweza kuizungusha blowa kinyume kama valvu ya kuzuia hewa kurudi haifungi vizuri, na unga huingia kwenye rota. Ikaguliwe katika kusimama huku huku. Kwa oili, imwageni hii ya kwanza baada ya saa 100 hivi za kazi kwa sababu itakuwa imesafisha mabaki ya ile nyeusi, na baada ya hapo mfuate saa za kitabu cha mashine yenu, mkizihesabu kwa mita ya saa na si kwa kalenda.