Wikendi huku zanimaliza jamani, nipeni shauri (niko Marekani nasomesha)

BintiKisauni (Jumatano, 5:12 asubuhi)
Assalaam alaykum na hamjambo wote. Mimi mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, nilikuja huku Ohio mwezi wa nane kwa ile programu ya walimu wasaidizi wa lugha, unasomesha Kiswahili chuo kikuu na wewe mwenyewe unachukua masomo mawili kila muhula, kwa hivyo ni mwalimu nusu mwanafunzi nusu. Siku za kazi sina neno. Wanafunzi wangu ni wazuri, ngeli zimewashinda lakini shikamoo wanaimwaga kila mahali, juzi mmoja kampa mwenzake wa rika lake na mwenzake kaitikia marahaba bila hata kucheka.

Taabu ni wikendi. Mji mdogo, uko kwenye vilima kusini mashariki mwa jimbo, mtaa wa maduka ni mmoja tu. Ijumaa jioni nusu ya wanafunzi wanakwenda makwao na nusu wanakwenda baa. Basi la mji Jumapili halipo. Walmart iko nje ya mji na ukienda kwa miguu unatembea kando ya barabara kuu, hakuna pa watu kupita, kila gari likikufikia linapunguza mwendo wakutazame. Saa kumi na moja na kidogo jioni jua lishazama. Na wiki hii ndo mbaya zaidi kwa sababu kesho ni sikukuu yao ya Thanksgiving, kantini imefungwa, bweni tupu, mwenzangu wa chumba ni Mmoroko anasomesha Kiarabu naye kaenda Chicago kwa binamuye. Niko mimi na hita inayogonga usiku kucha. Nikifikiria Jumapili kule ufukweni Mama Ngina, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, machozi yananitoka wallahi.

Waliowahi kuishi miji midogo nje, wikendi mlikuwa mnafanya nini? Nisije nikachizi.

NB: Jumatatu nina kikao na msimamizi wangu, kaniandikia barua pepe fupi tu kwamba niende tuzungumze. Mtu anajitayarisha vipi kwa kikao kama hicho?

Mzee_wa_Ferry
Shukuru Mungu huko hakuna feri. Wikendi yetu sisi wa Likoni ni kusimama kwenye foleni tukitazama ng'ambo. Kisauni upande gani, Mlaleo ama kwa Bulo?

ShangaziMakadara
Pole mwanangu. Dawa ya upweke iko jikoni. Tafuta unga wa ngano, hamira, iliki na tui la kopo, kanda mahamri usiku yaumuke karibu na hiyo hita yako, asubuhi wagongee majirani milango uwagawie. Hakuna mtu duniani anayekataa hamri la moto. Mbaazi utapata za kopo kwenye maduka ya Wahindi ama ya watu wa Jamaika wanaziita jina jengine. Na je umeolewa mwanangu? Nauliza tu.

Kachiri254
Shangazi umeanza 😂😂 mtoto kaja na upweke atatoka na mchumba

MwlHola
Dada wewe uko Marekani unalia, mimi nilipelekwa TP, yale mazoezi ya ualimu, Hola. Hola ile ya Tana River, si Hola nyingine. Nimetoka Tudor nimezoea upepo wa bahari, nashuka kwenye basi joto limekaa tu halisogei. Wikendi ya kwanza nikamuuliza mwalimu mwenyeji hapa watu wanakwenda wapi Jumamosi, akanitazama sana akaniambia watu hawaendi, watu wako. Nikawa kila Jumamosi nakwenda mtoni jioni kutazama wanaochota maji mpaka wakanizoea, halafu nikapata timu ya mpira nikawa refa, nikapigwa siku moja kwa sababu ya penalti ambayo mpaka leo nasema ilikuwa halali, mguu ulikuwa ndani ya boksi. Nilipoondoka wazee walinipa mbuzi. Kumpandisha yule mbuzi kwenye basi mpaka Mombasa ni stori nyengine. Kwa ufupi tafuta mpira.

Mzee_wa_Ferry
Stori ya mbuzi tunaitaka

ustadh_bamburi
Wa alaykum salaam. Dada yangu kabla ya kuuliza wikendi utafanya nini ungejiuliza umesafiri na nani. Mwanamke kukaa nchi ya mbali peke yake bila maharimu ni jambo lina maneno yake kwa wanazuoni. Shika adhkari za asubuhi na jioni, soma juzuu moja kila Jumamosi, huo upweke utauona ni neema.

NyotaLikoni
Ustadh yeye ameuliza atafanya nini, hakuuliza kama aende. Ashaenda.

NyaliJ1
Nimewahi kukaa Marekani na viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana kama yako, kwa hivyo nitauliza mawili. Moja, Columbus hapo si mbali na wewe. Wasomali wa Columbus ni wengi, ukitoa Minneapolis hakuna mji wa Marekani unaowashinda. Misikiti ipo, nyama halali ipo, chai ya maziwa ya viungo ipo, na mabasi ya kutoka hivyo vilima vyenu kwenda huko yapo. Mbona huendi? Pili, watu wote hapa wameruka hiyo NB. Msimamizi hakuiti baada ya mapumziko kukuuliza mahamri. Kikao cha nini?

BintiKisauni
Shangazi ahsante, tui la kopo ninalo. Ustadh jazakallah kheri. NyaliJ1, Columbus naenda.

NyaliJ1
Mara ngapi?

BintiKisauni
Nikipata nafasi.

NyaliJ1
Si umesema wikendi uko peke yako na hita?

BintiKisauni
Zile ambazo siendi.

Kachiri254
Hapa kuna mwanamume, wekeni akilini nimesema mimi

NyotaLikoni
Shoga sema tu, hapa hatukujui wewe ni nani. Unakwenda kufanya nini huko?

BintiKisauni
Hakuna mwanamume. Sawa nasema, lakini msinirukie. Mimi nyumbani ni mtu wa hina, tangu niko skuli napaka, arusi za Kisauni mpaka Mtwapa nishapamba. Mwezi wa tisa mwanafunzi wangu mmoja ambaye mamake ni Msomali wa Columbus aliniona mkono akauliza, nikampaka dadake, yule dadake akaniita kwa rafiki yake, ndo ikaanza. Sasa Jumamosi nyingi nachukua basi naenda kupaka, nalala kwao, Jumapili narudi. Wananilipa. Nikafungua ukurasa Instagram wa kuweka picha za maua na bei. Wiki iliyopita mwanafunzi yule kwa nia nzuri tu kautuma ule ukurasa kwenye kundi la darasa kwamba jamani mwalimu wetu ana kipaji, na msimamizi yumo kwenye kundi. Siku ya pili ndo barua pepe.

Lakini mimi sioni kama ni kazi. Ni sanaa, na wanachonipa ni zawadi. Posho ya programu inanitosha kodi na chakula, haitoshi mdogo wangu kulipa ada. Na bei yangu iko chini ya wengine huko.

NyaliJ1
Zawadi haina orodha ya bei dadangu.

Sikiza vizuri. Ile fomu yako ya DS-2019 ndiyo inasema umekuja kufanya nini na chini ya mdhamini gani. Kazi ya malipo nje ya hapo mpaka upate ruhusa ya maandishi, na kupokea pesa taslimu mkononi hakubadilishi kitu. Wakisema umefanya kazi bila ruhusa wanaweza kukukatizia programu, unarudi nyumbani katikati ya mwaka, na hilo linabaki kwenye rekodi siku ukiomba viza nyingine. Usisubiri Jumatatu. Mwandikie leo mshauri wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, muulize kabla msimamizi hajakuuliza. Ukurasa ufunge. Na Jumamosi hii usiende.

BintiKisauni
Jumamosi hii siwezi kuacha. Ni arusi, bibi arusi na dada zake wanne, arbuni nishachukua na tikiti ya basi nishakata. Nikimwacha bibi arusi siku tatu kabla atapata wapi mtu? Hiyo ni aibu huko na huku. Nitaenda hii ya mwisho halafu nitaacha.

MwlHola
"Hii ya mwisho" ndo nilivyosema kuhusu urefa

ustadh_bamburi
Umeingia nchi ya watu kwa ahadi umetia sahihi. Waislamu wako juu ya sharti zao. Hapo hata mimi nakubaliana na huyo wa Nyali. Na hiyo arbuni irudishe.

NyotaLikoni
Mimi simlaumu. Ada za hapa mwazijua ni ngapi? Mtoto wa Kisauni amebeba familia mgongoni na nyinyi mwamsomea masharti. Dada nenda kapake, ukurasa ufute, Jumatatu sema ulikuwa unasaidia marafiki.

NyaliJ1
Yaani umshauri aende akadanganye wakati picha zote zina bei, na kundi zima limeziona?

DerevaChangamwe
Samahani nyote lakini mimi hii stori siinunui. Ameanza kuandika saa tano asubuhi ya hapa. Ohio sasa hivi wako nyuma yetu saa nane. Yaani alikuwa anaandika saa tisa za usiku na mpaka saa hizi anajibu kila mtu papo hapo. Binadamu gani? Pili hina Ohio mwezi wa kumi na moja inamea wapi, kwenye barafu? Mnachezewa hapa. Huyu yuko Mtwapa anakula kuku, mwisho wa uzi atatuma namba ya M-Pesa tumchangie ada ya mdogo wake.

Kachiri254
😂😂😂 wallahi nilitaka kusema hivyo hivyo kuhusu saa

Mzee_wa_Ferry
Sasa kama ni uongo nani atarudisha muda wangu. Nimekosa feri nikisoma.

BintiKisauni
Naandika saa tisa usiku kwa sababu silali, mnadhani nina usingizi na kikao hicho? Mchango sikuomba na sitaomba. Na hina haihitaji kumea hapa. Unga nanunua duka la Wahindi, nauchunga kwa kitambaa cha nailoni, nakanda na maji ya ndimu, sukari kidogo na mafuta ya mkaratusi. Nyumbani naweka dirishani tu inatoa rangi. Huku chumba ni baridi, usiku mzima haifanyi kitu, mara ya kwanza ilitoka rangi ya chungwa bovu nikaona aibu. Sasa naifunga kwenye mfuko nakunja taulo naiweka juu ya hita, kila nikiamka naigeuza. Asubuhi ukipasua mfuko pembeni utaona juu imekuwa hudhurungi ndani bado kijani, hapo ndo naijaza kwenye koni. Na bibi arusi namwambia asitoe mikono kwenye blanketi.

ShangaziMakadara
Dereva nyamaza. Mimi napaka hina Makadara tangu hujazaliwa. Hilo la baridi kuizuia rangi na kuiweka kwenye joto hakuna mtu analitunga akiwa Mtwapa, Mtwapa joto lote hilo ataijulia wapi? Mtoto yuko kwenye baridi.

DerevaChangamwe
Hayo yote yako YouTube shangazi.

ShangaziMakadara
Haya. Lakini mwanangu nikuulize jambo mimi kama mtu wa kazi. Hao mabibi arusi wataka hina peke yake? Hawataki maua meusi?

BintiKisauni
Wanataka.

ShangaziMakadara
Na wewe wawapaka piko?

BintiKisauni
Kidogo tu shangazi, kwenye kingo za maua. Wakiomba.

NesiChangamwe
Mungu wangu. Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa lazima niseme. Piko ni rangi ya nywele, ndani yake mna kemikali ya PPD, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa huko Marekani, haijairuhusu kupakwa kwenye ngozi. Hata hina yenyewe wameikubali kwa nywele tu. Mimi nimepokea wodini msichana wa miaka kumi na kitu kapakwa piko ya arusi ya dadake, mkono umefura, malengelenge yamefuata ua lile lile, jani kwa jani, ungeweza kuyahesabu. Alama haikutoka. Hapa kwetu mtu atakuja nyumbani kwenu agombe na mamako yaishe. Huko mtoto wa mtu akiungua utakuwa na kesi, na hapo itatoka kila kitu, viza, pesa, ukurasa. Hiyo piko itupe leo.

NyaliJ1
Kwa hivyo sasa ni mambo mawili. Dada, umemwandikia mshauri?

BintiKisauni
Ofisi zimefungwa mpaka Jumatatu kwa Thanksgiving.

NyaliJ1
Barua pepe haifungwi.

MwlHola
Nyali mwache apumue kidogo. Dada, na usiku wa kitamaduni wa chuo je, huwezi kupaka bure hapo? Ukienda Jumatatu na hoja ya kwamba wataka kuwapakia wanafunzi wote wa Kiswahili bila malipo labda msimamizi atalegea. Mimi mbuzi aliniokoa kwa mkaguzi wa TP, nilimchinja siku aliyokuja.

Mzee_wa_Ferry
Si ulisema ulimpandisha basi mpaka Mombasa?

MwlHola
Walikuwa wawili.

DerevaChangamwe
Mnaona sasa? Uzi wote ni waongo watupu.

BintiKisauni
Nimewasikia. NyaliJ1 ahsante, nitaandika hiyo barua. Ukurasa nishaufunga sasa hivi, mtu yeyote asiyeamini atafute hataupata. Piko Jumamosi siwapaki, watakasirika lakini nitawaambia imeniishia. Kwenda ntakwenda kwa sababu ya arbuni, baada ya hapo basi, wikendi nitakanda mahamri.

KibokoniFinest
Samahani nimechelewa sijasoma yote. Dada, mimi nina ndugu yangu wa kike yuko Columbus huko huko, anaolewa mwezi wa kumi na mbili na anatafuta mtu wa hina wa pwani, wa huko hawajui maua yetu. Bado wapaka? Ni ngapi?

DerevaChangamwe
TANGAZO. Nilisema mimi. Hili tangu mwanzo lilikuwa tangazo la biashara.

NyaliJ1
BintiKisauni usijibu hilo.

BintiKisauni
@KibokoniFinest tarehe ngapi? Njoo inboksi. Nusu yatangulia.