Wakimbizi wa Katumba waliinuka, wa Nyarugusu wanakwama wapi?

MwanaMpanda:
Wakuu salama? Nina ubishi na jamaa yangu, yeye anasema mkimbizi kazi yake kupanga foleni ya mgao basi. Mi nimekulia Mpanda, mahindi na maharage tuliyokula nyumbani mengi yalitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na wale wazee walikuja na mafurushi kichwani wanakimbia mauaji ya Burundi ya 72. Sasa mbona wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakasimama, ila wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu tunasikia habari za msaada tu? Ni watu tofauti au?

mzee_wa_tumbaku:
Tofauti si watu mkuu, ni walivyopokelewa. Ulyankulu walimwagwa porini kwenye mbung'o, ila walipewa ardhi na wakaachwa walime na wauze. Mrundi katoka kwenye vilima ambako kila kipande kinalimwa mpaka ukingoni, sasa mtu kama huyo ukimpa pori unategemea nini? Mahindi, mihogo, maharage, halafu wakaingia kwenye tumbaku. Ilipofika katikati ya miaka ya 80 walishajitegemea kwa chakula, UNHCR, lile shirika la UN la wakimbizi, wakakabidhi makazi kwa serikali. 2014 zaidi ya 160,000 wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Na kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu mnaisikiliza kila Jumapili, wangapi wanajua hizo barabara za namba ni za makazi ya wakimbizi?

Binti Kasulu:
Nyarugusu ufundi upo tele. Wakongo wa Fizi na Uvira walianza kuingia pale 1996, kuna maseremala, wavuvi wa ziwa, walimu, wasusi, na kwa vitenge ndo usiseme. Shemeji yangu alishonewa suti ya kitenge na fundi wa kambini, yule baba hata karatasi ya kukatia hana, anakuangalia mabega anachora chaki anakata na inakukaa. Shida ni kutoka, sheria ya wakimbizi ya 1998 inataka kibali ndo utoke kambini, na yale masoko ya pamoja yakafungwa. Tuliumia na sisi wenyeji jamani, ndizi na dagaa tulikuwa tunawauzia wao!

Kijana_Mzawa:
Sawa lakini 72 mapori yalikuwepo, leo ardhi iko wapi? Na wakiachiwa wote waingie mtaani fundi wa hapa atakula wapi?

LokichoggioBoy:
@Kijana_Mzawa wacha nikwambie ya huku Kakuma. Turkana ni jangwa, hakuna cha kulima, lakini 2018 IFC ya Benki ya Dunia ilitoa ripoti, ikapata biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi na uchumi wa kama bilioni 6 za Kenya kwa mwaka. Msomali na Mhabeshi wana maduka ya jumla, Mkongo anashona, Mturkana anawauzia mbuzi na makaa na wengine wameajiriwa kwa hayo maduka. Kuna fitina pia, siwezi kusema tunaishi kama malaika. Sheria yetu ya wakimbizi ya 2021 imewapa haki ya kufanya kazi ila hiyo karatasi ya kibali, wueh, omba Mungu.

mama_uvira:
Mimi niko Marekani sasa, nilipita Nyarugusu. Huku wanakuruhusu kazi mara tu unafika, lakini miaka yangu ya uuguzi kule Uvira hakuna mwenye aliiuliza, niliwekwa kiwandani kukata kuku, usiku, na mikono inaganda. Kambini angalau nilikuwa nazalisha akina mama na watu waliniita daktari. Saa hii nasoma tena kutoka mwanzo, pamoja na watoto wa umri wa mwanangu. Kwa hiyo muulize na hilo rafiki yako, ruhusa bila kutambua cheti inasaidia nusu tu.

MwanaMpanda:
Asanteni, huu uzi namrushia sasa hivi. Binti Kasulu, yule fundi bado anashona? Nina harusi Agosti na mabega yangu yanasumbua mafundi wote wa hapa.