Shiritori ya nyimbo za Kijapani: nyimbo gani zinaanza na "ru" (る)?

Kana_Mpya:
Wakuu, naomba msaada kuhusu shiritori ya majina ya nyimbo za Kijapani. Mmoja anataja wimbo, anayefuata anachukua silabi ya mwisho na kutaja wimbo unaoanza na silabi hiyo. Anayetaja jina linaloishia na ん (n) ameshindwa. Kinachonikwamisha ni る. Mtu akitaja "Subaru" ya Tanimura Shinji (1980) au "Yoru ni Kakeru" ya YOASOBI (2019), sina pa kwenda. Nimepanga nyimbo kwa herufi za Kilatini, R ikifuatwa na U, nikapata hizi: "Runner", "RUN", "Rusty Nail" na "Rūju no Dengon". Wenzangu wanakataa tatu za kwanza, na ya nne wanasema inanitoa mchezoni mwenyewe. Kwa nini? Na zipi zinakubalika?

Bingwa_wa_Katakana:
Mkuu, wenzako wako sahihi. Shiritori haisomi herufi za Kilatini, inasikiliza kana, yaani herufi za Kijapani za silabi. Neno la Kiingereza likiingia Kijapani huandikwa kwa katakana (kana za maneno ya kigeni) kufuata matamshi yake, na matamshi ya "run" ni ラン, yaani "ran". Kwa hiyo:

"Runner" ya Bakufu Slump (1988) ni ランナー, inaanza na ra.
"RUN" ya Nagabuchi Tsuyoshi (1993) ni ラン. Hii ni mbaya mara mbili, maana inaanza na ra na inaishia na ん.
"Rusty Nail" ya X JAPAN (1994) ni ラスティネイル, ra tena. Tena angalia mwisho wake: ル, yaani る kwa katakana. Haifai kujibu る, lakini ukiachiwa ra ni silaha nzuri ya kumtupia mwenzako る.

"Rūju no Dengon" ya Arai Yumi (1975), ile iliyosikika tena mwaka 1989 kwenye filamu ya Majo no Takkyūbin, inaanza na る bila ubishi: ルージュの伝言. Ila "dengon" inaishia na ん. Ukiitaja umeshindwa hapo hapo. Huo ndio mtego mkubwa wa silabi hii, kwa sababu ni miongoni mwa nyimbo za る zinazokuja kichwani haraka.

Zilizo salama kuanzia mwanzo hadi mwisho:

"Rubī no Yubiwa" (ルビーの指環) ya Terao Akira, 1981, maneno ya Matsumoto Takashi, muziki wa Terao mwenyewe. Ndiyo iliyochukua tuzo kuu ya Nihon Rekōdo Taishō mwaka huo. Inaishia na wa.
"Ruriiro no Chikyū" (瑠璃色の地球) ya Matsuda Seiko, 1986, maneno ya Matsumoto Takashi huyo huyo. Haikutoka kama singo, ilikuwa ndani ya albamu, lakini kwaya za shule Japani zinaiimba sana. Inaishia na u.
"Rupan Sansei no Tēma" (ルパン三世のテーマ) ya Ōno Yūji, ya mfululizo wa pili wa katuni hiyo ulioanza 1977. Inaishia na ma.

Jifunze hizi tatu kwanza.

Msoma_Kanji:
Niongezee sababu ya uhaba wenyewe, maana inasaidia kujua pa kutafuta. Maneno ya asili ya Kijapani cha kale hayakuanza na r kabisa. Yanayoanza na る leo ni ama yaliyotoka Kichina, kama ruri (瑠璃, jiwe la buluu) na rusu (留守, kutokuwepo nyumbani), ama ya kigeni ya baadaye kama rubī na rūju. Upande wa mwisho wa neno mambo yamegeuka: vitenzi tele huishia na る vikiwa katika umbo la kamusi, na "kakeru" ni mfano. Ndiyo maana る inatupwa kila mara na kupokewa kwa shida. Wajapani wana jina la mbinu hiyo: ru-zeme, kumshambulia mtu kwa る.

Kingine, usidanganywe na kanji (herufi yenye asili ya Kichina) 流. Katika "ruten" (流転) inasomwa ru, na kuna wimbo wa zamani wenye jina hilo, wa 1937. Bahati mbaya nao unaishia na ん. Lakini mara nyingi zaidi 流 husomwa ryū, na りゅ inaanza na り (ri). "R.Y.U.S.E.I." ya Sandaime J SOUL BROTHERS (2014) iko kwenye ri, si ru. Vilevile 涙: kwa Kichina-Kijapani ni rui, lakini kwenye majina ya nyimbo tarajia "namida", au "nada" kama "Nada Sōsō", ambayo ni matamshi ya Okinawa.

Kana_Mpya:
Asanteni sana. Je, siwezi kukwepa る kwa kuibadilisha, kama ha inavyoruhusiwa kuwa ba au pa?

Bingwa_wa_Katakana:
Hapana. Ruhusa hiyo inategemea nukta za dakuten (゛) na kiduara cha handakuten (゜), na safu ya ra (ra, ri, ru, re, ro) haina hata kimoja. は inazaa ば na ぱ, る haizai kitu.

Kinachoweza kujadiliwa ni kistari cha irabu ndefu, ー, kikiwa mwishoni. "Pretender" ya Official HIGE DANdism (2019) ni プリテンダー. Wengine huchukua "da", wengine huchukua irabu tu, "a". Kubalianeni kabla ya kuanza, pamoja na kama jina dogo ndani ya mabano linahesabiwa. Ugomvi mwingi wa mchezo huu unatokea hapo.

Mwisho_Ru:
Mbona mmeacha jibu tamu kuliko yote? "Rule" ya Hamasaki Ayumi, 2009. Kwa kana ni ルール: る mwanzo, る mwisho. Mwenzako akikutupia "Idol" ya YOASOBI (2023, アイドル), unamrudishia ルール na yeye ndiye anabaki na る. Itunze, usiitumie mapema, kwa sababu wimbo ukishatajwa haurudiwi.

Kwa kutafuta zaidi: nenda kwenye tovuti ya maneno ya nyimbo ya Kijapani au kishikwambi cha karaoke, andika る kwenye sehemu ya jina la wimbo, kisha chagua 前方一致 (zenpō itchi), maana yake "linaloanza na". Ukiacha 部分一致 utaletewa kila jina lenye る popote ndani yake, na ni mengi mno. Tafuta kwa matamshi (読み) kama chaguo lipo, la sivyo majina yaliyoandikwa kwa Kilatini kama "Rule" yanaweza kukupita. Rudia utafutaji kwa ルー pia. Humo utapata "Loop" (ループ) ya Sakamoto Maaya, 2005, na "Loop & Loop" ya ASIAN KUNG-FU GENERATION, 2004, zote zinaishia na pu. Wengi huzikosa kwa kuwa wanatafuta kwenye R tu, wakati L ya Kiingereza nayo huangukia safu hiyo hiyo ya ra.

Ukimaliza, soma mwisho wa kila jina kwa sauti na ufute linaloishia na ん kabla hujaliweka kwenye orodha.