Kiesperanto: miezi mingapi mpaka niongee?

Zabibu_Hombolo: Wakuu, nauza zabibu soko la Majengo, Dodoma. Wateja wakipungua nafungua daftari la Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa. Wiki ya tatu, najisemea "bona vinbero" (zabibu nzuri), mama wa nyanya pembeni anadhani naomba dua. Nitaongea lini?

Mjukuu_wa_Babu: Mimi nusu saa kila usiku, mwezi wa nne nikawa nasoma bila kamusi. Kuongea ni mwaka mzima, maana nilikosa wa kuongea naye. Kanuni za Zamenhof, aliyeibuni lugha hii, za 1887 ni 16 tu, ila ile -n ya mtendwa (kinachotendewa) ilinitesa: "mi manĝas vinberojn", yaani nakula zabibu. Halafu zikiwa nyingi unaongeza -j: ni "bonaj vinberoj", mkuu. Unauza moja?

Zabibu_Hombolo: Hahaa! Na zilizolala juzi?

Mjukuu_wa_Babu: Bandika mal- mbele, inageuza maana: "malbonaj", mbaya.