Ushauri wakuu: Gemu ya Maisha kwa Python, bloku inatulia vizuri ila blinka inaniharibikia

Wakuu habari za jioni, niko Masasi, najifundisha Python (lugha ya kuandikia programu) kwa laptop ya bro na nimekwama kwenye Gemu ya Maisha ya Conway, ile ya 1970, gridi ya miraba ambayo kila mraba ni seli, hai au iliyokufa, na kila hatua zote zinabadilika kwa pamoja. Sheria nimeziweka: seli hai yenye majirani hai 2 au 3 (kati ya miraba 8 inayoizunguka) inabaki, iliyokufa yenye majirani 3 kamili inazaliwa, basi. Nikiweka bloku ya seli 4 inatulia tuli, mzinga wa nyuki wa seli 6 nao haujitikisi, nikajua nimemaliza kazi. Sasa naweka blinka, vidoti vitatu vimelala, badala visimame wima naletewa vidoti vinne vimekaa hovyo hovyo. Macho yanauma, tatizo nini?

korosho_ghafi: Unabadilisha gridi huku bado unaihesabu mkuu. Chukua korosho tatu upange sakafuni, anza kuhesabu juu kushoto. Ya juu ya katikati inazaliwa, sawa, sasa jirani yake wa kulia anaikuta hiyo mpya naye anafikisha 3 anazaliwa wakati hakutakiwa. Bloku imekudanganya kwa sababu umbo tulivu halina seli inayobadilika, hata programu mbovu inalipitisha.

mtoto wa Newala: mnamwaga korosho sakafuni kwa bei hii 😂

Mtoa mada: Daah. Nimeongeza mstari wa kukopi, mpya = gridi, ila bado yale yale.

Mama Wawili Lindi: Mdogo wangu hapo hujakopi, umeipa gridi ileile jina la pili. Na gridi[:] usihangaike nayo, listi ya nje inakuwa mpya ila mistari ya ndani ni ileile. Tumia copy.deepcopy, inakopi mpaka mistari ya ndani, soma ya zamani andika kwenye mpya.

Mtoa mada: Imekubaliii! Dada ubarikiwe. Nimejaribu na glaida, umbo linalotembea, seli 5, kila hatua 4 inasogea mraba mmoja kimshazari, raha kuiangalia. Ila ikigonga ukingoni inageuka bloku, nimekosea tena?

korosho_ghafi: Hujakosea, huo ukuta wako, nje ya gridi umehesabu wote wamekufa. Kwa Conway gridi haina mwisho. Afu jaribu pentomino R, seli 5 tu lakini inasumbua hatua 1103 ndo inatulia, na ipe gridi kubwa haswa maana inarusha glaida sita, zikigonga ukuta hesabu haitatoka.

Mtoa mada: Niko hatua ya 400 hivi umeme umekata, na betri ya hii laptop ilishakufa zamani. Ntaleta mrejesho.